Mkienda Kupiga Kambi Nyahururu, Kila Mtu Abaki na Nauli Yake ya Kurudi

Hapa Nairobi kuna mzaha wa miaka mingi kuhusu "kula fare". Mtu anatumiwa nauli aje, anaila, kisha simu inazimwa. Tumecheka sana na bado tunacheka. Lakini kuna nauli nyingine ambayo haina mzaha, nayo ni nauli ya kurudi nyumbani.

Msimamo wetu tunausema mapema. Watu wawili wakisafiri pamoja kwa bajeti ndogo, pesa zote zisikae kwenye simu moja. Kila mmoja awe na nauli yake ya kurudi, kwenye laini yake, kwa PIN anayoijua yeye peke yake. Haijalishi nani amechanga zaidi. Haijalishi kama mmeoana au ndio mwanzo mnajuana.

Tunajua kuna watakaosema tunaingilia mambo ya nyumba za watu. Wengine watasema mwanaume ndiye hulipa, mambo ya simu mbili ni ya nini? Sisi jibu letu ni fupi: nani analipa ni siri yenu, lakini nani ANAWEZA kulipa, hilo ni jambo la usalama, na usalama wa wateja ni kazi yetu.

Safari yenyewe ni hii

Tuchukue mfano ambao vijana wengi wa Umoja, Donholm, Kayole na Buruburu wanaweza kuumudu. Wawili wamechoshwa na foleni ya Outering na kelele za matatu za Jogoo Road. Wanataka wikendi moja ya hewa safi. Hoteli hawawezi, gari hawana. Wana hema la kuazima kwa rafiki, makoti mazito waliyochagua Gikomba, na sufuria moja.

Wanaelekea Nyahururu kwa kupitia Nyandarua. Matatu inatoka mjini, inapanda barabara ya Nakuru hadi Flyover, halafu inaingia kulia kuelekea Njabini. Kuanzia hapo ni Kinangop: mashamba ya viazi, kabeji na karoti, ng'ombe wa maziwa, na safu ya Aberdare upande wa kulia ikiwa imejifunika ukungu. Kilele cha Kinangop kina mita 3,906. Wanapita Engineer, wanafika Ol Kalou, makao makuu ya kaunti ya Nyandarua. Mbele ya hapo kuna Ziwa Ol Bolossat, ziwa pekee la kaunti hiyo, lenye viboko na korongo wenye taji. Kisha wanaingia Nyahururu, mji ulio karibu kabisa na mstari wa ikweta, ambako maporomoko ya Thomson yanaanguka mita 74 hivi kwenye Mto Ewaso Narok. Kando ya hoteli iliyo pale kuna eneo la kupiga kambi.

Wengine huuliza, mbona wasiingie Mbuga ya Aberdare yenyewe, wakaone maporomoko ya Karuru yenye mita 273? Ni pazuri mno. Lakini mbuga ile ina ndovu na nyati, na haizungukwi kwa miguu hivi hivi. Unahitaji gari, na gari la kukodi ndilo linaloua bajeti. Mkipata kikundi cha kuchanga gari, nendeni. Mkumbuke tu kwamba ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hazilipwi kwa noti getini. Zinalipwa kupitia eCitizen, kwa Paybill ya serikali ambayo ni 222222. Lipeni mkiwa bado na mtandao mzuri, na mhifadhi stakabadhi kwenye simu zote mbili.

Hesabu ya wawili

Tuseme kila mmoja ametoa shilingi 5,000, jumla 10,000. Tuseme pia nauli ya kwenda ni 700 kwa kila mtu, na kurudi vivyo hivyo. Hizi ni namba za mfano tu. Nauli hupanda Ijumaa jioni na wakati wa sikukuu, kwa hivyo ulizeni stejini kabla ya kupanga.

Nauli ya kwenda: 1,400.
Nauli ya kurudi: 1,400.
Eneo la kambi na viingilio, usiku mbili: 3,000.
Chakula: 2,000.
Boda na matatu za karibu: 800.
Dharura: 1,400.

Jumla ni 10,000 kamili. Sasa swali ni hili: pesa hizi zikae wapi?

Kawaida yetu ni kwamba mmoja anamwambia mwenzake, "Beib, nitumie zako nilipe zote mara moja." Inaonekana ni rahisi. Lakini angalia kinachotokea. Kwa ada za M-Pesa tulizozizoea miaka hii, kutuma 5,000 kwa mtu mwingine kunakatwa shilingi 57. Umelipa 57 ili pesa zihame kutoka mfuko mmoja hadi mwingine ndani ya matatu ileile. Hamjanunua hata kikombe cha chai. Na wakati huohuo mmoja wenu amebaki na salio la sifuri, kilomita nyingi kutoka nyumbani.

Sisi tungegawa hivi. Kabla ya kutoka mtaani, mmoja atoe noti za 2,500 kwa ajenti. Toeni mara moja, msitoe kidogo kidogo, kwa sababu ukitoa 500 kwa ajenti wa M-Pesa unakatwa 29, na ukitoa 2,500 unakatwa 29 hiyo hiyo. Anayetoa 500 mara tano amelipa 145 kwa kazi ya 29. (Ada hubadilika, kwa hivyo angalieni orodha mpya kabla ya kutoa.) Noti hizo ni za boda na sehemu kubwa ya chakula. Mkishalipa nauli ya kwenda, mnabaki na kama 6,000 kwenye simu. Kila laini ibaki na karibu 3,000. Ndani ya kila 3,000 kuna 700 ambayo haiguswi mpaka siku ya kurudi.

Hiyo 700 ndiyo tunayoizungumzia. Ikiwezekana iwekeni mbali na salio la kawaida, kwenye akiba ya simu au mfuko wowote ule ambao hauwezi kulipa mahindi choma kwa bahati mbaya.

Simu moja inaweza kukosa kwa njia nyingi

Watu husema, "Si simu yangu iko poa tu." Iko poa Umoja. Nyanda za juu ni kitu kingine.

Kwanza ni baridi. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na usiku kule si mchezo. Betri hupoteza nguvu haraka kwenye baridi. Simu uliyoiacha nje ya blanketi ikiwa na asilimia 40 inaweza kuamka imezima. Ilale nayo ndani ya mfuko wa kulalia, zima data, na mbebe pawabanki.

Pili ni mtandao. Mijini kule unashika vizuri, lakini kuna mabonde na misitu ambako huduma inapotea. Malipo ya kawaida ya simu hayahitaji bando, lakini yanahitaji mtandao. Kama simu zenu mbili ziko kwa kampuni mbili tofauti, hiyo ni faida. Moja ikikosa, nyingine huenda ikashika.

Tatu ni ajenti. Hili watu wa Eastlands hulisahau kwa sababu huku kwetu kuna ajenti kila kona, na mmoja akikosa pesa unaingia duka la pili. Kwenye senta ndogo kunaweza kuwa na ajenti mmoja tu, na Jumapili jioni anakwambia hana floti. Hajakosea. Wakulima wote wametoa pesa siku hiyo na droo imeisha. Ndiyo maana noti zinatolewa mtaani, si mkishafika. Na kitambulisho msiache nyumbani, ajenti atakiuliza.

Nne ni mkono wa mtu. Simu huibiwa stejini, huangushwa kwenye boda, hutumbukia majini mtu akijipiga picha kwenye maporomoko. PIN ikikosewa mara tatu, huduma hufungwa hadi upate msaada. Mambo haya humpata mtu yeyote. Kama pesa zote zilikuwa kwenye simu hiyo, nyote wawili mmekwama. Kama zilikuwa nusu kwa nusu, mmoja amepata hasara lakini wote wanafika nyumbani.

Deni ambalo halisemwi

Sasa tufike pale panapouma. Wengi huenda safari wakiwa na deni la Fuliza au la programu ya mikopo, na mwenzao hajui.

Hatusemi deni ni dhambi. Fuliza ilipoanza Januari 2019 ilipokelewa kwa mikono miwili kwa sababu inaokoa mtu kwenye kaunta. Lakini ni lazima ujue inavyofanya kazi. Salio likipungua, malipo yanakamilika kwa mkopo, na unakatwa ada. Baada ya hapo, pesa yoyote inayoingia kwenye laini yako inakwenda kulipa deni kwanza.

Weka hilo kwenye safari yetu. Jamaa ana deni la 900 ambalo hajamwambia mpenzi wake. Jumapili asubuhi bajeti imeisha, nyama choma ya Jumamosi ilizidi kipimo. Anampigia kaka yake Dandora amtumie 1,400 ya nauli ya watu wawili. Kaka, kwa upendo, anatuma. Ujumbe unaingia, halafu unaingia wa pili: 900 na zaidi imekatwa. Iliyobaki haitoshi hata nauli ya mmoja. Kaka ametoa pesa yake, deni limelipwa, na hakuna aliyepanda matatu.

Pesa hiyo ingetumwa kwenye simu ya mwenzake ambaye hana deni, ingefika nzima. Lakini ili waamue hivyo, mmoja alipaswa kusema neno. Kwa maoni yetu, haya ndiyo mazungumzo muhimu kuliko yote kabla ya safari, kuliko hata ya hema na chakula: "Mimi nina deni kwenye laini hii. Ukitaka mtu atutumie pesa, atume kwako." Ni sentensi mbili tu. Ni afadhali zisemwe Ijumaa jioni nyumbani Kayole kuliko Jumapili mchana stejini Nyahururu.

Na kama safari yenyewe itagharimiwa na mkopo, msimamo wetu ni kwamba isubiri. Maporomoko hayahami. Ada za mkopo zinaendelea kuhesabiwa hata ukiwa umelala kwenye hema bila mtandao. Wekeni 500 kila wiki kila mmoja. Baada ya wiki 10 mna 10,000 na hamdaiwi na mtu.

Hesabu ni ya wawili, PIN ni ya mmoja

Wapo wanaoamini kwamba kumpa mpenzi PIN ndiyo ishara ya mapenzi ya kweli. Hapa hatutalegeza. PIN haishirikiwi, hata na mume, mke, mama au pasta. Muamala ukifanywa kwa PIN yako, umefanywa na wewe. Siku mkikosana, hutaweza kusema si wewe uliyetuma.

Kinachoshirikiwa ni hesabu. Jioni, chai ikichemka, kila mmoja aseme amebaki na ngapi na amelipa nini. Si ukaguzi, ni dakika mbili. Mtajua kama kesho ni boda au ni miguu, kama ni nyama au ni viazi vya kuchemsha. Wanaogombana juu ya pesa safarini mara nyingi hawagombani kwa sababu pesa ni kidogo. Wanagombana kwa sababu mmoja alidhani zipo na mwingine alijua zimeisha.

Vitu vidogo pia vina hesabu yake. Mkilipa kwa till ya M-Pesa, mteja hakatwi. Mkitumia mtu kwa namba yake shilingi 100 au chini ya hapo, pia ni bure. Kwa hivyo mahindi ya 50 hayahitaji noti. Lakini viazi vya 300 kwa mama wa barabarani asiye na till, mpe noti, usimtumie. Yeye pia hukatwa akienda kutoa.

Kabla ya kutuma pesa za kushikilia nafasi ya kambi mliyoiona mtandaoni, pigeni simu, zungumzeni na mtu, na mwangalie jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukurasa una picha ya kambi lakini jina ni la mtu binafsi asiyejulikana? Simameni hapo. Na mkikosea namba kwa M-Pesa, tumeni ujumbe ule wa muamala kwenda 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe. Msimsubiri aliyepokea awe na huruma.

Kwa nini tunasisitiza nauli

Turudi kwa ile 700, kwa sababu kuna sababu moja ambayo hatujaitaja waziwazi.

Safari humfunulia mtu mwenzake. Wapo wanaorudi wakipendana zaidi, na wapo wanaogundua usiku wa kwanza kwamba mtu waliyekuja naye si yule waliyemjua mtaani. Anapandisha sauti. Analewa. Anataka mambo ambayo mwenzake hajakubali. Katika hali hiyo, mtu asiye na nauli analazimika kuomba nauli kwa mtu yuleyule anayemwogopa. Mwenye 700 kwenye laini yake anafunga begi, anatafuta boda mchana kweupe, anapanda matatu na anafika kwao.

Mara nyingi anayeachwa na salio la sifuri ni mwanamke, kwa sababu mila zetu humwambia kwamba yeye ni mgeni wa safari. Tunaomba wanaume wanaosoma hapa wasichukue jambo hili kama tusi. Ukilipa safari nzima, asante, endelea. Lakini mtumie mwenzako nauli yake ya kurudi kabla hamjaondoka, na usiulize tena imekaa wapi. Hujapoteza chochote. Umemwambia kwamba yuko nawe kwa hiari yake, na hilo linajenga mapenzi kuliko chakula cha jioni.

Na akina dada, na yeyote anayelipiwa: hiyo nauli msiile. Mzaha wa "kula fare" uishie kwenye nauli ya kuja. Ya kurudi ni kama mlango wa dharura kwenye basi. Hakuna anayepanda basi akitarajia kuutumia, lakini hakuna anayekubali uuzwe ili wanunue soda.

Mkifika nyumbani salama, na tunatumaini ndivyo itakavyokuwa, ile dharura iliyobaki iwekeni pamoja kwa safari ijayo. Mnaweza kuanzia Ol Bolossat safari hiyo, mkashuka njiani badala ya kulipita ziwa dirishani.

Kabla ya wikendi, kaeni chini muulizane maswali matatu. Kila laini ina salio ngapi? Nani ana deni linalokata pesa zikiingia? Nauli ya kurudi ya kila mmoja iko wapi? Mkiweza kuyajibu yote matatu bila kukunja uso, pakieni hema.